Kufuta, Kuficha au Kuacha: Tathmini ya Vifaa vya Kusafisha Akaunti kwa Kadeti Anayetafuta Meli

Kadeti wa sitaha, yaani mwanafunzi anayesomea uofisa wa kuongoza meli, akishamaliza masomo ya darasani, kinachombakisha nchi kavu ni kukosa meli. Mkataba wa kimataifa wa STCW, unaoweka viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka awe na angalau miezi 12 ya kazi baharini ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, pamoja na kitabu cha mafunzo kilichosainiwa melini, kabla hajapata cheti cha ofisa wa zamu. Nafasi hizo ni chache. Vijana wa vyuo vya ubaharia, DMI Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy Mombasa, wanazigombania na Wafilipino na Wahindi. Wakala wa mabaharia aliyeletewa rundo la majina kwa nafasi mbili anatafuta namna ya kulipunguza, na kuliandika jina lako Google au Facebook hakumgharimu hata senti.

Tathmini hii ni ya vifaa vya kusafishia akaunti: vile vilivyomo ndani ya Facebook, Instagram, TikTok, X na WhatsApp, na vile vinavyouzwa pembeni. Kipimo ni kimoja tu: ukishakitumia, mtu anayekutafuta kwa jina bado anakiona ulichotaka kisionekane? Kwa kipimo hicho Facebook inaongoza, Instagram inafuata kwa karibu, na X inashika mkia. Kufuli ya akaunti (kuifanya ionwe na uliowakubali tu), ambayo vijana wengi huitegemea kuliko kitu kingine chochote, ni dhaifu kwa kadeti kuliko inavyosifiwa.

Tuanze na hiyo kufuli. Meli nyingi za mizigo na za watalii hugusa bandari za Marekani, kwa hiyo wakala humtaka kadeti awe na viza ya mabaharia, C1/D. Inaombwa kwa fomu ya DS-160, na tangu tarehe 31 Mei 2019 fomu hiyo inauliza majina ya akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia katika miaka 5 iliyopita. Nywila haiombwi. Soma vizuri hapo: inauliza ulizotumia, siyo ulizonazo. Akaunti uliyoifunga mwezi uliopita bado inaingia kwenye fomu. Kuiacha makusudi ni kutoa taarifa za uongo, na uongo kwenye ombi la viza unaweza kukufungia Marekani maisha. Kwa wanaokwenda kusoma, viza za F, M na J, mambo yalikaza zaidi Juni 2025: waombaji walitakiwa kuziacha akaunti zao wazi ili zikaguliwe. Aliyekuwa ameficha uchafu nyuma ya kufuli ikabidi aifungue kufuli mwenyewe.

Hata bila viza, kufuli haiwaondoi waliokwisha kuingia. Wafuasi 900 uliowakubali ukiwa sekondari wanabaki ndani mpaka uwatoe kwa mkono, na mmoja wao anaweza kuwa ndugu wa mtu anayegombea nafasi ileile. Basi kufuli ni ya kulinda unayoandika leo. Ya zamani yanahitaji kufutwa.

Kuifuta akaunti nzima kwa hofu pia hatukushauri. Jina bado utaliandika kwenye fomu, ofisa akalifungua akakuta patupu, au vibaya zaidi akakuta mtu mwingine, kwa sababu jina la akaunti iliyofutwa linaweza kuchukuliwa na mwingine baadaye. Isafishe, iache iendelee kuishi.

Facebook ndiyo yenye kifaa kilichokamilika. Kwenye mipangilio kuna kumbukumbu ya shughuli zako, ambako kila posti, komenti, picha uliyotagiwa na ukurasa uliopenda umeorodheshwa kwa tarehe. Tangu 2020 unaweza kuchagua posti nyingi kwa mpigo, ukazituma kwenye hifadhi (unaziona wewe peke yako) au kwenye pipa la taka, ambako zinakaa siku 30 kisha zinafutika zenyewe. Hizo siku 30 huwasahaulisha watu: ukitaka zitoke leo, ingia kwenye pipa ulimwage mwenyewe. Kuna pia kitufe cha kubana posti za zamani, kinachogeuza kila kilichokuwa wazi kwa umma kionwe na marafiki tu. Ni kizuri kwa kuanzia, kwa sababu sekunde chache zinafunika miaka. Kasoro yake ni kwamba hakigusi kitu ulichokiandika kwenye ukuta wa mwenzako au kwenye kundi.

Komenti ndizo hasa za kutazamwa. Posti yako ya 2018 hakuna anayeikumbuka, ila komenti uliyoweka chini ya habari ya gazeti wakati wa uchaguzi, ukalitukana kabila zima, iko kwenye ukurasa wa umma usio wako. Kufuli haiifikii, na kitufe cha kubana hakiifikii. Njia rahisi ya kuitoa ni kumbukumbu ya shughuli. Nenda sehemu ya komenti, shuka mwaka kwa mwaka, chagua, futa. Kwa mtu mwenye miaka 6 ya gumzo hiyo ni kazi ya jioni kadhaa, na simu ya bei ndogo hugandaganda orodha ikiwa ndefu, kompyuta inarahisisha. Picha ulizotagiwa ni suala jingine. Ukiondoa tagi, jina lako linatoka lakini picha inabaki kwa aliyeiweka. Hapo hakuna kitufe cha kukusaidia, ni kumpigia mwenzako simu na kumwomba aishushe. Na usisahau kwamba picha ya juu ya profaili, ile pana, kwa kawaida iko wazi kwa kila mtu.

Utafute nini hasa? Kwa baharia, orodha si ileile ya mwombaji wa kazi ya benki. La kwanza ni utani wa kuzamia, yaani kushuka ugenini na kutorudi. Vijana wa pwani huandika "nikifika Houston sirudi" wakicheka, na nchi kavu ni mzaha wa kawaida. Kwa ofisa wa viza ni ungamo, maana viza ya mabaharia inategemea kwamba utaondoka na meli. Kampuni nayo inajua hasara ya baharia anayetoroka bandarini: faini, ucheleweshaji, na masharti magumu kwa wote wanaobaki melini. Neno "kuzamia" liandike kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya profaili yako kabla ya neno jingine lolote.

La pili ni pombe. STCW imeweka kikomo cha asilimia 0.05 kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi, na kampuni nyingi zimepiga marufuku kabisa. Picha moja ya harusi haimwangushi mtu. Mfululizo wa picha za kila wikendi chupa mkononi, tena chini yake umeandika kwamba Jumatatu hukumbuki kitu, unasomeka vingine kabisa kwa mtu anayetafuta wa kushika zamu ya usiku. Baada ya hapo ni matusi ya kabila, dini na utaifa. Melini utakula meza moja na Wahindi, Waukraine na Wachina, na nahodha hataki ugomvi wa miezi 9 kwenye kisanduku cha chuma.

Instagram nayo, tangu 2022, ina sehemu ya shughuli zako inayokuwezesha kufuta posti, komenti na kuondoa alama za kupenda kwa mpigo, ukichuja kwa tarehe. Vilivyofutwa hukaa siku 30 kwenye sehemu ya vilivyofutwa karibuni. Inafanya kazi vizuri. Angalia stori ulizozibandika juu ya profaili: hizo hazikupotea baada ya saa 24 kama unavyodhani.

TikTok inafuta vizuri kilichoko kwako, ila video yake husafiri kuliko yoyote. Mtu akiipakua, inaondoka na jina la akaunti yako limegongwa juu yake. Ukiifuta leo, nakala inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado inamwonyesha kila mtazamaji mahali pa kukutafuta. Zima ruhusa ya kupakua kwenye mipangilio. Haizuii mtu kurekodi skrini, lakini inapunguza.

X ndiyo mbovu. Haina kitufe cha kufuta kwa mpigo. Unafuta moja moja. Msaada pekee wa maana ni utafutaji: andika from:jinalako until:2021-01-01 na utaletewa za kabla ya 2021, au from:jinalako ukifuatisha neno unalolihofia. Ukizidiwa, ndipo huduma za pembeni kama TweetDelete zinapoingia, na hapa pana mtego wa kiufundi. Bila faili lako la kumbukumbu (nakala ya yote uliyoposti), huduma hizo huona posti zako 3,200 za mwisho tu. Za nyuma, zile za utoto ambazo ndizo hatari, hazionekani na unabaki unaamini umemaliza. Omba kwanza faili lako kutoka X (linaweza kuchukua saa 24 au zaidi), kisha lipakie kwenye huduma. Tangu X ilipoanza kuzitoza pesa 2023 huduma za nje zinazojiunganisha nayo, nyingi za bure zimekufa au zimepandisha bei. Huduma inayokuomba nywila yako moja kwa moja iache hapohapo. Inayoaminika hukupeleka X yenyewe utoe ruhusa, na kazi ikiisha ifute ruhusa hiyo kwenye mipangilio.

Anayedhani posti za utoto hazihesabiwi atazame Kent, Uingereza, Aprili 2013. Msichana wa miaka 17 alichaguliwa kuwa kamishna kijana wa polisi, kazi ya pauni 15,000 kwa mwaka, na katika siku chache akajiuzulu kwa sababu ya alichokiandika Twitter (ambayo sasa ni X) akiwa na miaka 14 hadi 16.

WhatsApp haina cha kusafisha, ina cha kuzuia tu. Kufuta ujumbe kwa wote kunawezekana ndani ya takriban saa 60, baada ya hapo umekwisha kuwa mali ya wengine. Stetasi ikipigwa skrinshoti hupati taarifa. Makundi ya faragha si faragha: mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard kilifuta nafasi za wanafunzi wasiopungua 10 waliokwisha kukubaliwa, kwa picha za dhihaka walizotumiana kwenye kundi la siri la Facebook. Kundi la darasa lenye makadeti 60 lina milango 60.

Vifaa vyote hivi vina pengo moja kubwa: havikukingi na utakachoposti ukishapanda meli, na hapo ndipo kadeti wengi zaidi wanaweza kuharibikiwa. Chukua picha ya kujipiga usiku kwenye daraja la nahodha, yaani chumba cha kuongozea meli. Wewe unaona sare mpya na tabasamu. Mkaguzi wa kampuni anaona nyuma ya bega lako skrini ya ramani ya kielektroniki: latitudo, longitudo, mwendo, na mstari wa njia mpaka kituo kinachofuata. Tangu meli ya Galaxy Leader itekwe kwenye Bahari ya Shamu Novemba 2023, na MV Abdullah itekwe nje ya Somalia Machi 2024 ikitoka Maputo, zipo meli zinazozima hata kitambulishi chao cha AIS, kinachotangaza mahali meli ilipo, zikipita huko, kisha kadeti anaitangaza nafasi yake kwa wafuasi wake wote. WhatsApp huondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, lakini ukiituma kama faili la dokumenti zinabaki. Na hakuna programu inayofuta kilichoandikwa kwenye skrini nyuma yako.

Video ya kucheza kwenye sitaha ya kamba ni mbaya vilevile. Ukionekana na kandambili, bila kofia ngumu, umesimama ndani ya eneo ambamo kamba ikikatika inarudi na kuvunja miguu, umejiandikia ripoti ya usalama mwenyewe, na serahangi (msimamizi wa mabaharia wa sitaha) aliyekuwa zamu ataulizwa pamoja nawe. Kanuni rahisi inayofanya kazi: posti baada ya kuondoka bandarini, picha za nje tu, na kwa idhini ya ofisa mkuu. Cheti na kitabu cha baharia usipige picha ukaweka mtandaoni, hata kwa furaha ya siku ya kukipokea. Namba na msimbo wake ni malighafi ya waghushi.

Kwa Google, ukurasa ukishafutwa lakini bado unaonekana kwenye matokeo, kuna fomu ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yaondolewe, na inafanya kazi iwapo tu chanzo kweli kimefutwa au kimebadilishwa. Walio chini ya miaka 18, au wazazi wao, wanaweza tangu 2021 kuomba picha zao zitolewe kwenye matokeo ya utafutaji, jambo linalowafaa wale wanaojiunga na kozi za awali wakiwa bado wadogo. Na mwenye jina lenye wenyewe wengi, kina Hassan Juma, asiache akaunti yake tupu baada ya kusafisha: picha moja ya sare, jina la chuo na aina ya kozi, ili wakala asikubebeshe madhambi ya Hassan mwingine.

Kwa hesabu ya siku: anza wiki 6 kabla ya kupeleka jina kwa wakala. Faili la X liombwe siku ya kwanza, komenti za Facebook zichukue wiki ya kwanza na ya pili, pipa ulimwage mwenyewe usingoje siku zake 30, Google mwisho. DS-160 ijazwe baada ya hapo, na majina yote ya akaunti, hata ile ya zamani ya aibu.