TAHADHARI: "Plasta ya moyo" ya River Road

Jamani, kama una mzee nyumbani anayetumia dawa ya moyo ya kubandika, soma hii kabla hujatuma pesa.

Kuna jamaa mwenye chumba ghorofani River Road, Nairobi, anayewavizia wagonjwa nje ya makemisti. Akisikia unaulizia bei, anakufuata mlangoni: anayo ileile, kwa nusu bei. Mjomba wangu mishipa ya moyo humkaza ghafla, na maumivu humshika alfajiri akiwa amelala tu. Daktari alimwandikia vidonge vya diltiazem na plasta za nitroglycerin. Jamaa akampa pakiti, M-Pesa ikaenda kwa namba binafsi, risiti hakuna.

Nilipoifungua, harufu ya menthol ikanipiga puani, kama dawa ya kuchua misuli. Mjomba ngozi ilikuwa imemwiva. Juu ya pakiti pana picha ya moyo mwekundu, basi. Hakuna jina la dawa, namba ya toleo, wala tarehe ya kuisha. Plasta halali hutaja dawa na nguvu yake, kwa mfano miligramu 5 kwa saa 24.

Ila ushauri wake ndio ulionitisha: "Bandika siku tatu bila kutoa, na vidonge achana navyo." Nitroglycerin ikikaa kwenye ngozi mfululizo, mwili huizoea na nguvu yake hupungua. Ndiyo maana kwa kawaida plasta hubanduliwa na ngozi hupumzishwa kwa saa 10 hadi 12 kila siku, na kwa mtu anayeshikwa usiku, daktari ndiye anayepanga saa hizo ziwe zipi. Vidonge kama diltiazem au amlodipine ndivyo tegemeo kubwa la ugonjwa huu. Ukiviacha ghafla, mishipa inaweza kukaza vibaya zaidi. Tena plasta, hata ile halali, si ya kuzima maumivu yaliyokwisha kuanza, kwa sababu hufanya kazi polepole. Kwa hayo kuna kidonge cha chini ya ulimi au dawa ya kupuliza mdomoni, na yasipotulia upesi, hospitali.

Kingine: meza ya jamaa huyo ina pia vidonge vya nguvu za kiume, na wazee huwafungia viwili vitatu "kama zawadi". Sildenafil, dawa ya nguvu za kiume, ikikutana na nitroglycerin, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Sijui kama jamaa anajua hilo au hajali.

Tulipomrudia alisema plasta zake "huchelewa kushika". Sasa simu haishikwi.

Nunueni kwenye kemisti yenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, iwe imetundikwa ukutani unaiona, na mdai risiti. Kama ulinunua kwa huyu, pakiti usitupe, ipeleke kwa Bodi. Ya kwetu tumeshaipeleka. Na kama mzee wako aliacha vidonge kwa maneno yake, mpigie daktari leo, usingoje siku ya kliniki.