Uzoefu wangu na VLC: kicheza video kisichochagua faili

Kompyuta yoyote inayopita mikononi mwangu, iwe mpya au kuukuu, naisakinishia VLC kabla ya kitu kingine chochote. Nimeitumia kwa miaka mingi kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye simu. Vipo vicheza video vyenye sura nzuri kuliko hiki, na kadhaa nimevijaribu, lakini narudi palepale kwenye ile alama ya koni ya barabarani. Mimi ndiye ninayetunza rekodi za familia yetu: harusi, misiba, mahafali, sauti za wazee wakisimulia nasaba, video ndogondogo za watoto ambao leo wana watoto wao. Anayefanya kazi hiyo hugundua mapema kwamba faili inaweza kuwa nzima kabisa kwenye diski na bado isifunguke, kwa sababu tu fomati yake imeachwa na wakati.

Tazama yaliyotokea ndani ya miaka michache. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Windows Media Player haikuweza tena kucheza DVD. Mwaka 2016 Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows. Januari 2017 Microsoft ilihitimisha Windows Movie Maker, programu ambayo watu wengi waliitumia kukatia video zao za kwanza. Kisha Desemba 31, 2020, Adobe ikaacha kuihudumia Flash Player, na kuanzia Januari 12, 2021, Flash yenyewe ikawa inakataa kucheza chochote. Teknolojia ilisonga mbele, faili zangu zikabaki pale zilipo. Nina 3GP za simu za vitufe, AVI za kamera ndogo za zamani, WMV, FLV, VOB zilizotoka kwenye DVD, na MOV za simu za sasa. VLC inazifungua zote bila kuniambia nikatafute kitu cha kuongezea. (FLV inacheza vizuri, kwa kuwa ni video. SWF, yaani zile katuni na michezo ya Flash, ni jambo jingine na VLC haiwezi. Kwa hizo tumia programu ya Ruffle.)

Wengi hudhani herufi zinazofuata nukta kwenye jina la faili ndizo zinazoamua kama itacheza. Hapana. MP4, AVI, MKV na MOV ni makasha tu. Ndani ya kasha kuna picha zilizobanwa kwa njia fulani na sauti iliyobanwa kwa njia yake, na njia hizo ndizo huitwa kodeki. Ndiyo maana MP4 mbili zinaweza kukaa kwenye folda moja, moja ikacheza na nyingine ikaonyesha weusi mtupu. Ya kwanza huenda ina H.264, kodeki ya mwaka 2003 ambayo karibu kila kifaa kinaijua. Ya pili ina H.265 ya mwaka 2013, ile ambayo simu za iPhone zilianza kuitumia kurekodia mwaka 2017, na kompyuta nyingi za Windows haziichezi mpaka uongeze kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza. VLC huja na kodeki zake yenyewe, haiombi za mfumo wa kompyuta. Ukitaka kujua faili yako imebeba nini, icheze kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakalofunguka litakutajia kodeki ya picha, kodeki ya sauti na ukubwa wa picha. Mtu akiniletea video "iliyoharibika", hapo ndipo ninapoanzia, na mara nyingi nakuta haijaharibika hata kidogo.

Zipo zilizoharibika kweli. AVI iliyokatika katikati hupoteza faharasa yake, ile orodha ya mahali kila kipande kilipo. VLC hutambua hilo na kukuuliza kama iijenge upya kabla ya kucheza. Kubali. MP4 haina huruma kiasi hicho: faharasa yake kwa kawaida huandikwa mwishoni, kurekodi kunapokamilika, kwa hiyo betri au umeme ukikatika kabla ya hapo, hata VLC itashindwa. Kwa sababu hiyo nikirekodi skrini au mkutano kwa OBS Studio nachagua MKV, ambayo hata ikikatika ghafla hubaki inasomeka hadi pale ilipofika. Baadaye OBS yenyewe inaihamishia kwenye MP4 bila kupunguza ubora. Kama unarekodi vikao au masimulizi ambayo hayatarudiwa, badilisha mpangilio huo leo.

Sasa matumizi ya kila siku. Thamani kubwa ya VLC iko kwenye kibodi, na inasikitisha kwamba watu wengi huitumia kwa kipanya peke yake. Mabano ya mraba hupunguza na kuongeza kasi kidogo kidogo, na alama ya sawasawa huirudisha kwenye kasi ya kawaida. Sauti haigeuki kuwa nzito au nyembamba unapobadili kasi. Mzee anayeongea haraka anabaki na sauti yake mwenyewe, ila taratibu. Nimeandika masimulizi marefu kwa njia hii: nasikiliza kwa kasi ya chini, nabonyeza kitufe cha nafasi kusimamisha, naandika, naendelea. Herufi E husogeza video picha moja moja, na ukifika kwenye uso unaoutaka, Shift na S huihifadhi kama picha. Kuna ndugu zetu ambao picha pekee tulizo nazo zao zimetokana na kazi hiyo, zimechukuliwa kutoka kwenye video za sherehe za watu wengine walimopita mbele ya kamera. Kwa hilo peke yake naipa programu hii heshima yote.

Manukuu, yaani maandishi ya chini ya video, yakitangulia maneno yanayosemwa, bonyeza H mpaka yalingane. Yakichelewa, bonyeza G. J na K hufanya vivyo hivyo kwa sauti, pale ambapo midomo inasema hiki na sauti inasema kingine. Sauti ikiwa ndogo mno inaweza kupandishwa kupita asilimia 100, lakini usizoee, maana inakwaruza.

Kuhusu kompyuta za zamani, niseme hili vizuri kwa sababu naulizwa sana. VLC ni nyepesi, lakini haiwezi kuipa mashine nguvu isiyokuwa nayo. Toleo la 3.0 la mwaka 2018 liliwasha kwa chaguo-msingi uwezo wa kuiachia kadi ya michoro kazi ya kufungua picha, na hapo prosesa hupumua. Kadi isiyoijua kodeki ya video yako huirudisha kazi yote kwa prosesa, na video ya 4K ya H.265 huanza kukwamakwama. AV1, kodeki ya mwaka 2018, ni nzito zaidi kwa mashine kuukuu, ingawa watu wa VideoLAN wameiandikia programu maalumu, dav1d, ambayo inaifungua haraka ajabu hata bila msaada wa kadi. Ikiwa hata hivyo inakwama, dawa ni kutengeneza nakala ndogo zaidi.

Hapo VLC siipendekezi. Ina sehemu ya kubadilisha fomati, utaifikia kwa Ctrl na R, na kwa sauti fupi inatosha. Kwa video ni sehemu ya kuchosha: mipangilio imefichwa ndani ya madirisha madogo na haikuelezi kinachoendelea. Tumia HandBrake. Ni programu huria, nayo ni ya bure, na jambo la kuelewa kwanza ni namba moja tu, ile inayoitwa RF. Namba ikishuka, ubora na ukubwa wa faili hupanda. Kwa video za ubora wa DVD nabaki kati ya 18 na 22, na kwa 1080p kati ya 20 na 24, kama waandishi wake wanavyopendekeza. H.265 inaweza kupunguza faili hadi karibu nusu ya ile ya H.264 kwa ubora unaofanana machoni, lakini huchukua muda mrefu kutengenezwa, na ndugu mwenye kifaa cha zamani atashindwa kuifungua. Nakala ninazogawa huwa H.264 ndani ya MP4. Faili ya asili haiguswi wala haifutwi, hata ikiwa kubwa kiasi gani, kwa sababu kila unapobana upya kuna kitu kinapotea kisichorudi.

Na kama unachotaka ni kukata tu, yaani kuondoa dakika za mwanzo ambapo kamera ilikuwa inaangalia sakafu, usipitie HandBrake kabisa. LosslessCut hukata bila kubana upya, kwa hiyo ubora haushuki na kazi huisha ndani ya sekunde chache. Sharti lake ni kwamba mkato huangukia kwenye picha kamili zilizo ndani ya video (nyingine huhifadhi mabadiliko tu), si popote unapotaka, hivyo unaweza kubaki na sekunde moja au mbili za ziada. Mimi nazikubali.

Kwa sauti nina Audacity, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kutoka kwa umma mwaka 2000. Kazi yangu kubwa humo ni kuondoa mvumo wa feni na mtetemo wa mashine. Unachagua kipande kifupi chenye kelele tupu, bila mtu kuongea, unaiambia programu ijifunze hicho, kisha unachagua rekodi nzima na kuiendesha. Uende polepole. Ukiondoa kelele kupita kiasi, mzee anaanza kusikika kama anaongea chini ya maji, na mvumo kidogo ni afadhali kuliko hilo. Kabla ya toleo la 3.0 la Machi 2021, mradi wa Audacity ulikuwa faili moja ndogo na folda kubwa pembeni yake, na aliyenakili faili akaiacha folda alikuwa amenakili jina tu. Sasa kila kitu kimo ndani ya faili moja ya AUP3. Hata hivyo, kwa kuhifadhi natoa nakala ya FLAC, isiyopoteza chochote na isiyohitaji Audacity ili kusikilizwa.

Kuna watakaosema tovuti za kubadilisha faili mtandaoni zinarahisisha yote haya. Kwa wimbo wa kuamshia asubuhi, sawa. Kwa video ya mgonjwa wa familia au kikao cha ukoo, fikiria kwanza: faili inatoka kwako, inapanda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, inafanyiwa kazi huko, kisha unapewa nakala. Ile iliyobaki kwake huna namna ya kuifuta. Programu zote nilizozitaja zinafanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa. Ila zipakue kwenye tovuti zake halisi, VLC kutoka videolan.org, kwa kuwa zipo kurasa nyingi za kuigiza zinazoifunga pamoja na vitu usivyoviomba.

Ninayasema haya kwa imani kwa sababu ya jinsi VLC ilivyozaliwa na inavyoendeshwa. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 msimbo wake ukatolewa kwa leseni huria ya GPL. Leo iko chini ya VideoLAN, shirika lisilo la faida, na rais wake, Jean-Baptiste Kempf, ameeleza hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro aliyoahidiwa ili aweke matangazo ndani yake. Hakuna usajili, hakuna akaunti, hakuna kuulizwa barua pepe. Msimbo uko wazi, kwa hiyo hata shirika likivunjika kesho, mwingine anaweza kuuendeleza.

Sura yake imechakaa, hilo halifichiki. Menyu zimejaa, mipangilio ya hali ya juu inatisha, na kwenye toleo la 3 ukipitisha kipanya juu ya mstari wa muda unaona saa tu, bila kijipicha cha pale unapotaka kwenda. Maktaba yake ya muziki ni dhaifu. Mwenye nyimbo nyingi atafute programu nyingine. Toleo la 4, ambalo linabadilisha muonekano mzima, limesubiriwa kwa miaka.

Ninalolisubiri mimi zaidi ni lile walilolionyesha kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES ya Januari 2025: VLC kusikiliza maneno na kuandika manukuu yenyewe, pamoja na kutafsiri, bila kutuma chochote kwenye seva ya mtu. Nina saa nyingi za masimulizi ya wazee ambazo bado sijaziandika. Uwezo huo ukitoka, faili ya kwanza kuingia itakuwa ya bibi mmoja anayeongea kwa lafudhi nzito, anachanganya lugha mbili katika sentensi moja, na anaimba katikati ya maelezo. Hapo nitajua kama umefika au bado.