Kaunta buku au daftari la bei mbaya? Nimevitesa vyote viwili miezi 4 hapa Tanga

Assalaam aleikum, hamjambo wenzangu wa mkasi na gundi. Karibuni tena barazani kwangu, Ngamiani. Mkisikia kelele hizo ni bodaboda, na mkisikia mtu anaita "vitumbuaa" kwa nyuma huyo ni mama yangu, yuko kazini, hana habari na kamera.

Leo nina vitu viwili mezani. Hiki cha kulia hakihitaji utambulisho. Kaunta buku ya kwaya 3, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu wa kitambaa. Ndiyo ile ile ya noti za sekondari, ya wakala wa pesa za simu, ya madeni ya dukani. Nimeinunua steshenari ya hapa mjini kwa shilingi 4,500. Hiki cha kushoto ni daftari la kuchorea, saizi ya A5, jalada laini lenye rangi ya bahari, zuri jamani, hata mimi lilinilaghai. Nililiagiza kwa simu, na mpaka linanifikia mkononi pamoja na nauli ya basi lilikuwa limenitoka shilingi 38,000. Jina nimeliziba kwa stika. Tatizo nitakalolisema ni la aina nzima ya madaftari haya, si la mtengenezaji mmoja.

Mimi sitafuti daftari la kuandikia. Natafuta kitabu cha kumbukumbu: cha kubandika picha, tiketi ya boti, kadi ya harusi, kipande cha kanga, risiti ya siku ile tuliyokula samaki Raskazone. Na ninakitaka kiishi hapa hapa pwani. Nyie mnaoangalia video za watu wa nchi za baridi mnajua maumivu yangu. Wao wakibandika kitu jioni, asubuhi kimekauka kama biskuti. Huku ukiacha karatasi mezani usiku, asubuhi imejikunja kama inasikia baridi. Kwa hiyo nilianza mwezi wa 3 kwa makusudi, masika inaingia. Nikawa nabandika vitu vile vile kwenye vyote viwili, kila Jumapili, mpaka mwezi wa 6.

Tuanze na mgongo. Nasogeza karibu, chungulieni hapa juu. Mnaviona vile vikunjo? Karatasi zimekunjwa katikati, zikaingizwa moja ndani ya nyingine, halafu zikashonwa kwa uzi uliopita kwenye mkunjo. Yangu nimeihesabu: vikunjo 9, kila kimoja majani 16, jumla majani 144, yaani kurasa 288. Kwaya moja ni kurasa 96, zidisha mara 3. Mwanangu aliniuliza kama kwaya hii ni ile ya kanisani, nikamwambia hii haiimbi. Kwa hiyo jani haliwezi kutoka kirahisi, limeshikwa na uzi, na pacha wake yuko upande wa pili wa mkunjo anamvuta.

Haya, njooni kwa mwenye jalada la bahari. Hapa hakuna uzi. Karatasi zimepangwa moja moja kama rimu, mgongo ukakwaruzwa, ukapakwa gundi ya moto, jalada likabandikwa juu. Gundi hiyo hupakwa ikiwa imeyeyuka, hushika inapopoa. Sasa kitu kilichoyeyushwa kwa joto, joto likirudi kinakumbuka kwao. Siku moja nililiacha kwenye bajaji iliyopaki juani pale Makorora, nusu saa tu, nimeingia dukani kununua uzi. Kulifungua, jani likabaki mkononi. Wiki iliyofuata mawili. Kufikia mwezi wa 5 yalishajing'oa zaidi ya 30.

Nilitendee haki lakini. Nilikuwa nalibandikia vitu vinene, na kila ukifungua kitabu kilichojaa, mgongo unapanuliwa kama mtu anayelazimishwa kupiga miayo. Ungelitumia kwa penseli tu, na ukaliweka kabatini, huenda lingekaa miaka. Ila mimi sikununua kitu cha shilingi 38,000 nikiweke kabatini.

Sasa karatasi, na hapa upepo unageuka.

Jalada la daftari limeandikwa gramu 160. Kaunta buku haijaandikwa chochote. Hiyo gramu ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba, na kuna njia ya kuipima jikoni kwako. A4 zikiwa 16, ukizipanga zinakuwa mita moja ya mraba. A5 unahitaji 32. Kwa hiyo weka A4 16 kwenye mizani ya keki, namba itakayosoma ndiyo gramu ya karatasi yako, hakuna hesabu zaidi. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80, kila moja ina gramu 5, ndiyo maana rimu ya 500 inabebwa kwa kilo 2 na nusu. Muuza steshenari akikuambia "hii nzito dada", mwambie akupe 16, uende nazo kwa muuza unga mwenye mizani ya kidijitali.

Ya daftari nimepima majani 32 yaliyojing'oa yenyewe, sikuhitaji hata mkasi: gramu 158. Hawakudanganya. Ya kaunta buku, nilikata majani nikayapunguza yawe A5, nikapata gramu 56. Ndiyo, 56! Angalieni. Hii ni maka peni, naandika "Tanga"... nageuza... mnasoma "agnaT" upande wa pili bila miwani. Rangi za maji ndiyo usijaribu kabisa. Nilipaka bahari kidogo, karatasi ikafura, ikawa na mawimbi kuliko bahari yenyewe. Kwenye daftari la bei bahari ile ile ilikaa vizuri. Kwa mchoraji wa rangi za maji, karatasi ya daftari inashinda na sitaki ubishi.

Mimi lakini ni mbandikaji. Na karatasi imara ya kubandikia ninaweza kuiongeza mwenyewe. Mgongo ulioshonwa siwezi kuuongeza. Hapo ndipo nilipoamua.

Nilichokifanya ni hiki, na video ingekuwa fupi hiki ndicho ningekionyesha peke yake. Kitabu cha kumbukumbu kikijaa kinabaki mdomo wazi, kwa sababu vitu viko kwenye kurasa lakini mgongoni hakuna kitu. Upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba. Dawa yake ni kupunguza majani bila kuupunguza mgongo. Nachukua rula ya chuma na wembe, kila jani la tatu nalikata, ila sikati mpaka mwisho. Nabakiza ukanda wa sentimita moja na nusu kutoka kwenye mshono. Mnaona? Uzi sijaugusa. Pacha wa jani hili bado ameshikwa. Majani 48 yametoka, mgongo uko vile vile na ile mikanda imeziba nafasi. Kitabu kimejaa harusi mbili, safari ya Pangani na mfungo mzima, na bado kinafunga. Weka kadi ya plastiki au kipande cha boksi chini ya jani kabla hujapitisha wembe. Mimi mara ya kwanza nilikata majani manne kwa mpigo, mawili yakiwa na picha.

Na baadhi ya mikanda hiyo naibandikia jani la manila. Manila inabeba picha, inabeba maka peni, hata rangi ya maji nyepesi inaivumilia. Lakini kabla ya kukata manila, ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utapinda kwa ulaini, mwingine utakubishia. Nyuzi za karatasi zinapotengenezwa kwenye mashine hulala kuelekea upande mmoja, na zikipata maji hufura kwa unene zaidi kuliko kwa urefu. Ule mpindo laini uwe sambamba na mgongo wa kitabu. Ukikosea, gundi ikigusa tu, jani linajikunja juu na chini, na hata ulikandamize kwa mawe halitanyooka vizuri.

Gundi nitapita haraka. Gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ndiyo mshindi wangu. Gundi ya fimbo ilishika mwezi mmoja, halafu tiketi zikaanza kuinuka pembeni. Gundi ya uji wa ngano, ile ya bibi zetu, inashika vizuri na haina harufu mbaya, ila mende wa nyumba hii waliipokea kama karamu. Wamekula kona ya kadi ya harusi ya binti ya shangazi, wakaacha jina la bwana harusi. Na magazeti jamani, msiyabandike mkitegemea kuyakuta meupe. Karatasi ya gazeti ina mabaki mengi ya mti, kitu kinaitwa lignini, na mwanga unakigeuza manjano. Piga fotokopi kwenye karatasi nyeupe, ubandike fotokopi.

Mnauliza hili jalada la rangi ya mchanga lililo juu ya kaunta buku yangu nimelinunua wapi. Sijalinunua, na kisa chake nitakisema ingawa si cha bidhaa. Jina la manila limetoka mji wa Manila, Ufilipino. Karatasi ile zamani ilitokana na nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba, na hata kamba chakavu za meli ziligeuzwa karatasi. Siku hizi nyingi ni ya miti. Nilipojua hivyo nilikaa hapa nikacheka. Mimi mtu wa Tanga, mji wa kamba za mkonge, nanunua karatasi yenye asili ya kamba za watu wengine! Mkonge wenyewe si mzawa. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Mashamba yote haya mnayoyapita kwenda Muheza na Korogwe yameanzia kwenye hiyo michache.

Basi nikaomba nyuzi fupi za mkonge, zile zisizofaa kamba, nikazikatakata urefu wa ukucha, nikazichemsha na magadi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, nikazisuuza mpaka mikono ikakauka, nikazitwanga kwenye kinu cha mama bila ruhusa. Nikazichota majini kwa fremu ya mbao yenye kipande cha chandarua. Ilitoka hii. Shikeni kwa macho: ngumu, ya rangi ya mchanga, ina nyuzi zinazochungulia kama ndevu. Kalamu inakwama, wino unatawanyika. Kwa kuandikia ni bure kabisa. Kwa jalada, sijaona kitu kama hiki. Nimeibandika juu ya jalada jeusi, nikaacha mgongo mwekundu uonekane, na katikati nimeweka maandishi yaliyokatwa kwenye kanga iliyochakaa: "Wema hauozi." Usiwaze kutumia uzi wa mkonge kushonea ndani, unachana karatasi. Ukihitaji kushona, nunua uzi wa fundi viatu, upitishe kwenye nta ya mshumaa, matundu utoboe kwa msharasi. Kama huna msharasi, fundi viatu yeyote atakuazima ukimwachia simu yako rehani. Natania. Kidogo.

Kwa hiyo hukumu. Daftari la bei: karatasi nzuri, mgongo mbovu kwa joto letu. Majani yaliyojing'oa sijayatupa, nayachorea rangi za maji halafu nayabandika ndani ya kaunta buku, yaani limekuwa duka la karatasi. Nisingelinunua tena kwa shilingi 38,000. Likiuzwa 15,000 ningelinunua nikijua nakwenda kulibomoa. Kaunta buku: karatasi yake ni aibu, nasema mbele yake, lakini mgongo wake umepita masika nzima, bajaji, na mwanangu aliyeikalia akila embe. Unapoinunua, angalia juu ya mgongo kama vikunjo vinaonekana. Nimeshakuta zenye jalada gumu lile lile, ndani zimegundishwa tu. Ukiona karatasi zimepangwa bapa bila vikunjo, rudisha rafuni.

Nilinunua mbili siku ile. Ya pili niliiacha tupu, niwaonyeshe leo jinsi ya kukata ile mikanda kuanzia jani la kwanza. Ngoja niichukue, iko hapa nyuma kwenye kabati la... 

Mama! Kaunta buku yangu mpya iko wapi?

Haya. Nimeipata. Sogeeni muone wenyewe. Ukurasa wa kwanza: "Madeni ya vitumbua." Wa pili, madeni ya vitumbua. Wa tatu pia, na umepigiwa mistari kwa rula, safi kuliko yangu. Mwandiko wa mama huu. Na huyu wa kwanza kabisa kwenye orodha, anayedaiwa vitumbua 6 tangu Jumanne... ni mimi.