Uzoefu wangu: kichwa cha rota cha alumini kwenye XK K110

Nimefunga seti ya alumini kwenye XK K110, helikopta ndogo ya rimoti: kitovu cha kati, gripu mbili (vishikio vya mapanga) na swashpleti, yaani sahani inayobadilisha pembe ya mapanga. Seti ni ya mtengenezaji mwingine. Sasa nimebakiza kitovu tu. Gripu nimerudisha za plastiki.

Alumini ina sifa yake, na ni ya kweli. Gripu ya plastiki ikichoka, tundu la beringi hupanuka. Shika panga karibu na gripu ulichezeshe juu na chini, utaisikia pleyi (ulegevu) kidoleni kabla hujaiona kwa jicho. Pleyi hiyo ikiondoka, helikopta hutulia hewani na kijiti cha rimoti hakihitaji kuguswaguswa.

Shida ni ikianguka. Plastiki huvunjika na kumaliza nguvu ya pigo palepale. Alumini haivunjiki, kwa hiyo pigo linashuka: spindo (kifimbo cha chuma kinachopita kwenye kitovu na kuunganisha gripu mbili) inapinda, shafti kuu inapinda, gia kubwa inang'oka meno. Gripu iliyovunjika unaiona mara moja, ila spindo iliyopinda kidogo unaweza kuirusha wiki nzima ukidhani jairo (kihisi kinachoiweka sawa hewani) imeharibika.

Kwa hiyo baada ya kila anguko zito, toa spindo uiviringishe juu ya kioo. Iliyonyooka huteleza bila kurukaruka. Iliyopinda huacha mwanya wa mwanga chini yake, unafunguka na kufunga kila inapozunguka. Usijaribu kuinyoosha, nunua nyingine. Ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho ninachokiweka akiba kuliko vyote.

Kufungua spindo kunataka bisibisi mbili, moja kila upande, maana ukizungusha upande mmoja, mwingine nao unazunguka. Skrubu ikigoma, gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa chake kwa sekunde chache, gundi iliyoishika italainika. Ukilazimisha utakula kichwa cha skrubu, na hapo kazi imeharibika. Wakati wa kurudisha, tone dogo la gundi ya kufungia skrubu, ile ya bluu, liingie pale chuma kinapokutana na chuma tu. Gundi hiyo ikigusa plastiki huipasua.

Angalia pia mpangilio wa beringi. Washa (kipete chembamba cha chuma kando ya beringi) iguse ringi ya ndani pekee. Ikigusa ya nje, gripu inakuwa nzito na servo (mota ndogo inayogeuza gripu) inahangaika. Gripu iliyofungwa vizuri hugeuka kwa kusukumwa na kidole kimoja, haikwami popote. Beringi ikikwaruza, badilisha, na upime tatu kwa kaliper: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Usiipulizie WD-40, inaosha grisi iliyomo ndani.

Linki, vile vijiti vinavyounganisha servo, swashpleti na gripu, nazo wengi huzisahau. Linki mpya ikibana kwenye kitufe cha duara inapochomekwa, iminye kidogo kwa koleo ikiwa palepale juu ya kitufe hicho, kisha ijaribu. Polepole, maana ikishalegea hairudi. Ikichomoka kwa kuvutwa kidogo tu, haifai tena kuruka.

Skrubu za mapanga zisikazwe sana. Laza helikopta ubavu: mapanga yabaki yalipo, lakini ukiitikisa kidogo yaanguke. Yakibana kupita kiasi, mtetemo unaanza na mkia unacheza.

Baada ya kufunga oringi mpya (pete za mpira zinazoshika spindo ndani ya kitovu), helikopta inaweza kuyumba wakati rota inaanza kuzunguka. Ongeza kasi taratibu hadi itulie. Ikiendelea kuyumba hata baada ya kushika kasi, rudi kwenye spindo na shafti kuu kabla ya kugusa mipangilio ya rimoti. Mapanga yakionekana kama duara mbili, moja juu ya nyingine, nako anza na spindo, kisha mapanga yenyewe, kisha linki.

Kabla ya kazi yoyote hapa, chomoa betri. Ukitaka kukagua servo zikiwa na umeme, chomoa kwanza waya wa mota kuu na uvue mapanga.

Kwa anayejifunza, abaki na kichwa cha plastiki anunue spindo tatu. Kwa aliyezoea kuruka ndani ya chumba bila kuanguka, kitovu cha alumini kinalipa. Swashpleti ya alumini sikuona faida yake.