Gego nililolivisha kofia na lile nililoliacha wazi

Mimi ni fundi samani Keko, Dar es Salaam, kwa hiyo nitaipima kazi hii kama ninavyopima kazi ya fundi mwenzangu. Kofia yangu ya jino, lile ganda gumu la kufunika jino ambalo madaktari huliita krauni, ina miaka mitatu sasa mdomoni. Ila siwezi kuizungumzia bila kuanza na jino jingine, la upande wa pili, ambalo halipo tena.

Mwaka 2019 nilitibiwa mzizi wa gego la chini kushoto, ile kazi watu wanayoiita kuua mshipa. Nilikwenda mara mbili, nikalipa shilingi 180,000. Baada ya wiki mbili za kushinda na karafuu mdomoni, usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri ikanipita. Kabla sijashuka kwenye kiti, dokta aliniambia: "Hapo juu nimeziba kwa muda tu. Rudi ndani ya mwezi tuweke krauni." Bei, laki tatu. Nikasema sawa dokta, nikaondoka, sikurudi.

Sikuwa mbishi. Jino lilikuwa haliumi, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Nani anapeleka laki tatu kwenye jino lisilouma wakati mtoto anadaiwa ada?

Miezi minane baadaye nilikuwa kwa mama lishe, wali maharage, na kwenye maharage kulikuwa na kijiwe. Nilisikia "ka!" Hakuna maumivu, nikajua ni kijiwe ndicho kilichovunjika, nikamaliza sahani yangu. Kesho yake jioni ulimi ukagundua ukuta mmoja wa jino unacheza. Dokta alipougusa kwa kifaa chake, nusu ya jino ilikwenda huku na nusu kule. Ufa ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mzizi. Hapo hapaungwi, panang'olewa. Nililipa 40,000 nyingine kuliondoa jino nililokwisha kulilipia 180,000.

Mwaka 2022 gego la kulia nalo likahitaji kutibiwa mzizi, na safari hii, kwenye kliniki nyingine, niliuliza maswali. Nilikuwa naamini jino likishakufa hukauka kama kuni, ndiyo maana linapasuka. Dokta akasema kukauka si hoja kubwa, tazama kilichobaki. Kwanza uozo umekula katikati. Halafu yeye mwenyewe katoboa tundu juu ili aifikie mifereji ya mizizi, aisafishe na kuijaza. Unabaki na kuta nyembamba zimezunguka kijazio, na gego ndilo linalobeba mzigo wa kutafuna. Kila ukiuma, kuta zinasukumwa nje. Na mshipa wa ndani, uliokuwa unapiga kelele jino likiumia, haupo tena.

Nikamwambia: basi hiyo kofia ni ile pete ya chuma kwenye mpini wa patasi. Kila fundi anaijua. Mpini usio na pete ukiupiga nyundo siku tatu, unachanika. Akacheka, akasema ndivyo hasa, kofia inashika kuta kwa nje zisiachane. Akaongeza kwamba meno ya mbele yasiyoharibika sana mara nyingi huzibwa tu, kwa sababu hayasagi. Mdogo wangu ana moja la namna hiyo, halina kofia na halijamsumbua.

Nilipewa aina tatu za kuchagua. Ya chuma kitupu ndiyo inayohitaji jino kupunguzwa kidogo kuliko zote, na haibanduki gamba. Mimi ningeichukua, gego la nyuma nani analiona? Mke wangu alikataa katakata, akasema hakuolewa na mtu wa meno ya bati. Ya zirkonia, kauri nyeupe ngumu, ilikuwa 600,000. Nikachukua ya chuma iliyofunikwa juu kwa poseleni, kauri ya rangi ya jino, 350,000.

Siku ya kwanza nilipigwa ganzi, maana mshipa umekufa lakini fizi inasikia. Kisha jino likasagwa pande zote, kama milimita moja na nusu hivi. Hapo nilikereka kidogo, sijazoea kuona mali ikiondolewa kiasi hicho. Wakachukua umbo la meno kwa ule ute unaowekwa kwenye kisahani na kuganda mdomoni. Kwangu hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, nusura nitapike. Pumua kwa pua na uinamishe kichwa mbele. Kwenye kuchagua rangi niliomba twende dirishani. Mbao ukizipaka rangi chini ya taa, asubuhi unakuta nyingine, na meno ni hivyo hivyo.

Nikavishwa kofia ya muda, ya plastiki, nikaambiwa nisubiri siku kumi maabara imalize. Siku ya sita nikala kashata, ikatoka nayo. Kosa langu, nilikuwa nimeonywa. Niliirudisha kliniki siku hiyo hiyo, wakaigundisha bila malipo. Usikae nalo wazi: meno jirani yanaweza kusogea, na kofia inayotoka maabara ikagoma kuingia.

Kofia yenyewe iliingia vizuri. Walipitisha uzi pande zote mbili kuona kama imebana sawasawa, wakanipa karatasi ya buluu niiume kuona panapogongana, wakapunguza kidogo, wakagundisha. Lakini nilikuwa nimepigwa ganzi tena, nikajibu "iko sawa" bila uhakika. Usiku nikahisi kama nimeng'ata punje ya mchele. Nikavumilia siku mbili, taya likaanza kuuma. Niliporudi walisaga dakika tano tu, yakaisha. Usivumilie kama mimi.

Malalamiko yangu yako kwenye bei. Kwenye simu niliambiwa kofia ni 350,000, nikajipanga kwa hiyo na 220,000 za kutibu mzizi wa jino hili la kulia. Hakuna aliyetaja 60,000 za kulijenga jino katikati kabla ya kuvishwa, wala 30,000 za eksirei mbili. Jumla 660,000, na sina bima. Mteja wangu akiagiza kitanda simwambii baadaye kwamba chaga zina bei yake. Ulizeni jumla, iandikwe.

Kwa jino natoa 9 kwa 10. Moja nimeiondoa kwa sababu ya msitari mwembamba wa kijivu karibu na fizi, na nyama inayonasa hapo kila nikila mishikaki. Napitisha uzi kila usiku, maana kofia haiozi lakini jino linaweza kuoza pembezoni mwake. Kliniki, 6.

Nimeulizwa kuhusu pengo la kushoto. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani, lingetaka meno mawili mazima, ya mbele na ya nyuma ya pengo, yasagwe kama lile la kulia. Sijaweza kukubali. Jino la kupandikiza kwenye mfupa ni mamilioni. Juzi dokta alinipa kioo nitazame mwenyewe: gego la juu, lililokuwa likikutana na lile lililong'olewa, limeanza kushuka kwenye nafasi ya mwenzake.