OptiPlex 9020 ya mtumba: niliichagua kwa sababu prosesa yake ina ila

Nilimwambia kijana wa dukani nataka ile yenye tundu la pini tisa nyuma, akanitazama kama nimeulizia kaseti. "Dada, hizo za kizamani. Chukua hii hapa ina HDMI, unachomeka kwenye TV, watoto wanaangalia katuni." Nikamshukuru, nikachukua ya kizamani. Dell OptiPlex 9020, ile ya boksi jembamba, prosesa Core i5-4590, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Alianza na 400,000, tukavutana weee mpaka 340,000. Kariakoo, Jumamosi, jua la saa saba, na boksi nimelipakata kwenye bajaji hadi Tabata. Huu ni mwezi wa saba liko chini ya meza yangu.

Kama unatafuta mashine ya kuandikia barua na kuangalia mpira, inafaa, na maelezo yangu yanaishia hapo. Mimi niliinunua niiangushe. Kazi yangu ni seva, na KVM, sehemu ya kerneli ya Linux (moyo wa mfumo) inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi, ndiyo inayonilisha na ndiyo inayoninyima usingizi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kazini kulikuwa na mteja ambaye hifadhidata yake ilikuwa inameza mate. Inakwenda vizuri, inashika kidogo, inaendelea. Tukaangalia diski, tukaangalia mtandao, tukamsingizia yeye. Halafu nikakaa na saa mkononi: kila dakika moja, bila kukosea. Kitu kikija kila sekunde 60 ujue kuna mtu kaitega saa, na kwenye KVM mtu huyo yupo.

Novemba 2019 ilitangazwa ila ya prosesa nyingi za Intel, namba yake CVE-2018-12207. Memori ya mashine pepe, tuiite mgeni, hugawiwa kwa kurasa: ndogo za KB 4, kubwa za MB 2. Prosesa ina kijidaftari cha kukumbuka ukurasa wenye maagizo uko wapi. Mgeni akibadili ukubwa wa ukurasa bila kufuta kilichoandikwa mwanzo, kijidaftari kinabaki na majibu mawili kwa anwani ileile, na prosesa, badala ya kuchagua moja, inazimia pamoja na mwenyeji mzima, yaani kompyuta halisi inayobeba wageni wote. Mpangaji mmoja mkorofi, nyumba nzima giza. Dawa ya KVM ni kukataza ukurasa mkubwa usitekelezwe. Mgeni akitaka kutekeleza kitu humo, ukurasa unakatwa vipande 512. Vipande vikiwa vingi kasi inashuka, kwa hiyo kuna kibarua wa ndani, kvm-nx-lpage-recovery, anayeamka kila dakika na kubomoa sehemu moja ya 60 ya vipande hivyo ili kurasa kubwa zipate kurudi. Wakati anabomoa, ameshika kufuli, na wengine wote wanaolihitaji wanasubiri.

Nilitaka kujua anabomoa vingapi kila akiamka, na vya nani. Seva ya kazini huigusi, utafukuzwa. Laptop yangu ni mpya. Ukiiuliza kwenye /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/itlb_multihit inajibu "Not affected", haijaguswa na ila hiyo. Heri yake, lakini haina msaada kwangu, kibarua hana cha kubomoa. OptiPlex ukiiuliza inajibu "KVM: Mitigation: Split huge pages". Inaumwa na inakunywa dawa. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta, kizazi cha Haswell, na ndiyo maana sikubishana sana juu ya HDMI.

Kuna atakayesema si ungejaribu tu ndani ya mashine pepe. KVM ndani ya KVM inakubali, na kwa makosa mepesi ndivyo ninavyofanya kila siku. Lakini hapo prosesa anayoiona mgeni ni maigizo ya KVM ya nje, na mshukiwa wangu ni KVM mwenyewe. Huwezi kumweka mshukiwa awe karani wa mahakama.

Sasa mashine. Usiku wa kwanza KVM iligoma, ikasema VMX, uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha mashine pepe, haikuwashwa kwenye BIOS, mipangilio ya kuwashia mashine. Kuingia BIOS, nywila. Ofisi iliyokuwa nayo kabla yangu ilifunga na kusahau. Hapa boksi hili lilinifurahisha: kifuniko kinafunguka kwa kuvuta kitasa tu, bisibisi huhitaji, na kwenye ubao kuna kijampa kimeandikwa PSWD. Unakichomoa, unawasha, nywila imekwenda. Dakika kumi, pamoja na kupangusa vumbi. Betri ya saa nayo ilikuwa imekufa, nikaidharau. Sikujua kwamba make, programu ya kujengea kerneli, itakuja kulalamika "Clock skew detected" kwa sababu mafaili yangu yalikuwa yametoka kesho. Betri ya CR2032 ni bei ya soda, badilisha siku hiyohiyo.

Kinachofanya niitetee mashine hii mbele ya watu ni lile tundu la pini tisa, tundu la siriali. Kerneli ikifa ikiwa imeshika kufuli, kioo kinaganda, kibodi haijibu, na kwenye diski haiandiki neno. Lakini ukiongeza console=ttyS0,115200 kwenye mstari wa kuwashia, maneno yake ya mwisho yanatoka herufi kwa herufi kupitia waya hadi kwenye kompyuta nyingine. Laptop za siku hizi hazina kitu hicho.

Waya wenyewe ulinitesa siku tatu. Nilinunua mmoja pamoja na kifaa cha kugeuza USB kuwa siriali, nikaunganisha, kimya. Nikabadili kasi, kimya. Nikaanza kuituhumu OptiPlex. Mwishoni nikampelekea mzee mmoja fundi redio pale Buguruni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, leta." Akaweka mita yake, akagusa huku na huku, akacheka. "Pini ya tatu imekwenda kwenye ya tatu, ya pili kwenye ya pili. Hapa wote wawili wanaongea, hakuna anayesikiliza." Akaukata katikati, akavusha ya pili kwenye ya tatu na ya tatu kwenye ya pili, ya tano akaiacha kama ilivyo, akalehemu, akafunga utepe mweusi. Shilingi 5,000. Niliporudi nyumbani na kuwasha, mistari ikaanza kumiminika na nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Na ndipo waya ukaniumbua. Nilikuwa nimeandika kiraka changu, yaani mabadiliko yangu ya msimbo, kwenye arch/x86/kvm/mmu/mmu.c, ndani ya kvm_recover_nx_huge_pages: kila kipande kikibomolewa, naomba memori kidogo kwa kmalloc, naandika kumbukumbu. Siku mbili kikafanya kazi safi. Siku ya tatu nikawasha wageni watatu kwa pamoja, RAM ikajaa, mashine ikaganda. Kwenye laptop kulikuwa na mstari huu:

BUG: scheduling while atomic: kvm-nx-lpage-re/2143/0x00000002

Jina limekatwa kwa sababu kerneli inalipa herufi 15 tu, lakini nilimjua kibarua wangu. Na kosa lilikuwa langu. Kufuli analolishika akibomoa, mmu_lock, ni la namna ambayo aliyelishika haruhusiwi kusinzia hata kidogo, na mimi nilikuwa naomba memori kwa GFP_KERNEL, maana yake "kama haipo, nitangoja". RAM ikiwa tele jibu linakuja papo hapo na kosa linajificha. RAM ikibana, kibarua anakwenda kulala na ufunguo mfukoni. Kwa hiyo zile GB 8 nilizoziona uchache ndizo zilizonisaidia. Ningekuwa na 32 ningezunguka mwezi mzima nikijisifu. Nilipowasha CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP, ukaguzi wa kerneli wa kunasa wanaosinzia na kufuli, kerneli ilinikemea dakika ya kwanza, wala haikungoja RAM ijae. Tiba: nikahamisha mistari mitatu juu ya write_lock, memori iombwe kabla ya kufuli kushikwa.

Baada ya hapo hesabu zilitoka, na mteja wetu alikuwa anapoteza maelfu ya vipande kwa mkupuo kila dakika, kisha mgeni wake anavidai upya kimoja kimoja. Sikuizima kinga, asikudanganye mtu kuizima kama wageni wako huwaamini. Nilibadili nx_huge_pages_recovery_ratio, ile sehemu anayobomoa, kutoka moja ya 60 hadi moja ya 600: sasa kibarua anaamka kila sekunde 6 na kung'ata kidogo. Mteja alinyamaza, na mteja akinyamaza ndiyo asante yake.

Kasi ya kujenga kerneli: nikipunguza moduli kwa localmodconfig, dakika 11 kwa viini vyote vinne. Nikitafuta kiraka kilicholeta kosa kwa git bisect, naifungia kwenye arch/x86/kvm na virt/kvm tu, raundi nane au tisa, jioni moja imekwisha. Inavumilika ukiwa na maandazi.

Nyota ninayoikata ina sababu. Kwanza, pawasaplai yake ya wati 255 ina kichwa cha pini 8 cha kwake peke yake. Ikiungua, ya kawaida ya mtaani haiingii bila kigeuzi, kwa hiyo usiiwashe bila UPS kwa umeme wetu huu. Pili, umri. enable_apicv, swichi ya KVM ya kutumia msaada wa prosesa kushughulikia miito ya ghafla (interrupt) ya wageni, inasoma N, yaani hapana, na orodha ya kurasa zilizoandikwa ambayo Intel waliileta kwenye Broadwell, kizazi kilichofuata, humu haimo. Makosa yanayoishi kwenye njia hizo hutayaona hapa hata ukeshe. Nyota nne.

Juzi nilirudi dukani kuulizia yenye prosesa ya AMD, maana kvm_amd, upande wa KVM unaoshughulikia prosesa za AMD, sijaugusa kabisa. Kijana alinikumbuka, nikamweleza ile ya mwanzo niliichukulia nini. Akashika kiuno. "Sasa dada, na hii nayo unataka iwe inaumwa?"