Simu nzuri, lakini oda zangu zimeyeyuka

Kama una Android na unafikiria kuhamia iPhone, usimkabidhi mtu yeyote simu yako ya zamani kabla hujasoma haya.

Mimi nashona mapazia, niko Eastleigh. Oda zangu zote huwa WhatsApp: vipimo vya madirisha, picha za vitambaa, sauti za wateja wakieleza mikunjo wanayotaka, nani kalipa nusu na nani bado. Duka nililobadilishia Android yangu kwa iPhone liko katikati ya mji, silitaji. Walikubali simu yangu ya zamani nikaongeza pesa juu. Nikamuuliza kijana wa pale, meseji zangu zitahama? “Zote, mama.” Akachomoa laini kwa pini, akaiseti iPhone mwenyewe mpaka mwisho, kisha akaifuta ile ya zamani papo hapo.

Nikafungua WhatsApp. Magrupu yalirudi na majina yake, ndani patupu. Nikamwonyesha. Hata macho hakuinua: “Mama, simu tumekupa. Meseji ni mambo yako na WhatsApp.”

Damu ilinichemka. Kumbe njia ipo! Tangu 2022 meseji za WhatsApp zinahama kutoka Android kwenda iPhone kwa Move to iOS, programu ya Apple ya kuhamishia vitu vya Android, ila iPhone iwe bado haijasetiwa, au ifutwe ianze upya, na simu zote mbili ziwe kwenye chaji. Mtu anayeshinda akiuza simu hajui hilo? Au anajua na hajali? Bakapu yangu ilikuwa Google Drive, na WhatsApp ya iPhone haichukui chochote huko, yenyewe inajua iCloud tu.

Lakini lawama zote nisimbebeshe kijana. Makampuni haya yanagombania wateja kwa kuwafungia mlango wa kutokea. BlackBerry iliing’ang’ania BBM, huduma ya meseji ya simu zake, enzi zile vijana wa Nairobi wakiombana pin za BBM badala ya namba, ikaja kuifungulia Android na iPhone mwaka 2013, watu washazoea WhatsApp. Apple nao iMessage, huduma yao ya meseji, hawajaipeleka Android mpaka leo, na barua pepe zao zilizotolewa kwenye kesi yao na Epic, kampuni ya michezo ya video, 2021 zilionyesha mkubwa wao mmoja akihofia kwamba wakiipeleka, wazazi wenye iPhone watawanunulia watoto wao Android. Haya, hapa kwetu wangapi wanajali iMessage? Maisha yetu yako WhatsApp, na bado ugomvi wao umetufuata mpaka huko, kwa sababu bakapu ya huyu haiingii kwa yule.

Na simu yenyewe ni nzuri, siwezi kuisingizia. Kitambaa kinatoka na rangi yake halisi: damu ya mzee na zambarau iliyokolea, ambazo simu yangu ya zamani ilikuwa ikizichanganya, sasa zinaonekana wazi kuwa rangi mbili. Mteja wa Ruiru ameagiza kwa picha tu na akafurahia mzigo wake. Nilikuwa nimeshafikia kuipa nyota nne.

Halafu juzi mama mmoja ananipigia, mapazia yangu yamefika wapi? Vipimo vyake sina. Pesa yake nilipokea. Kumwomba apime madirisha upya akaniona tapeli, na mimi siwezi kumlaumu. Nyota mbili kwa simu, basi. Lile duka halipati hata moja, na ukienda pale na Android yako mkononi, rudi nayo nyumbani.